Usiseme Haiko Kabla Hujasikia Jina Lote

Mwanangu, juzi ulinifungulia kompyuta yako ukanionyesha seva uliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C. Uliandika ombi kwenye kivinjari, ukurasa ukatokea, ukanitazama kama mtu anayengoja kupigiwa makofi. Nikakupigia, maana ulistahili. Lakini macho yangu ya kizee yalikuwa yameshatua kwenye ule mstari unapopokea ombi, pale ulipotenga nafasi ya herufi sitini na nne bila kujiuliza zikizidi itakuwaje. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, zinatosha." Neno hilo ndilo lililonifanya nikae nikuandikie. Mimi nami nililisema nikiwa na umri wako, kwa sauti hiyohiyo, na nusura limzike mtu aliye hai.

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua hivyo na ameshazoea. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, Rumonge, jua limeshaanza kuwaka juu ya mabati ya soko. Lakini nisikurushe. Ili uelewe kosa langu lazima kwanza uelewe majina yetu.

Nilizaliwa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi. Shuleni niliitwa Neema Yakobo. Baba alikuwa Yakobo, mama Rehema, na jirani zetu walikuwa kina Asha, Daudi na Juma. Usidhani wazazi wetu walizaliwa na majina hayo. Walikuwa na majina yao ya Kirundi, marefu, kila moja ni sentensi nzima, lakini jina la namna ile lilimwambia kila askari na kila karani umetoka wapi. Basi wakayaweka ndani ya nyumba pamoja na nguo za sikukuu, na nje wakatembea na majina mafupi. Nami nilikuwa na la kwangu la Kirundi. Nililisikia siku ya ubatizo na siku mama alipokasirika sana, zaidi ya hapo hakuna aliyeniita hivyo.

Tuliporudi Burundi nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheti cha ufundi wa kompyuta nilichokishika kama pasipoti. Wazazi walipata pa kukaa Kizuka, kwenye mlima aliozaliwa baba. Mimi nikashuka mjini. Kulikuwa na chama kidogo cha watu waliorudi, kimepanga chumba kimoja nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwasaidia waliopotezana wakati wa kukimbia wapatane tena. Wengine walikimbilia Tanzania, wengine walivuka ziwa kwenda Kongo, ndugu wa tumbo moja wakakulia nchi mbili bila kujuana sura. Kila aliyerudi aliandikwa kwenye daftari: jina lake, la baba, la mama, na mlima aliozaliwa. Mlima ndio anwani yetu. Ofisini wanasema kolini, ni kitu hichohicho. Na yote manne yalihitajika, kwa sababu kwetu ndugu hawana jina moja la ukoo. Kaka ana lake, dada ana lake, na baba ana lake peke yake. Bila baba, mama na mlima, huwezi kujua nani ni wa nani.

Madaftari yalijaa sanduku zima, na mtu akija kuuliza, katibu alikuwa akipekua hadi vidole vinauma. Nikajitolea kuyaingiza yote kwenye kompyuta, na kuandika seva ili mtu aandike majina manne kwenye ukurasa na kupata jibu hapohapo. Mwingine angechukua seva iliyoandikwa na watu wanaojua kazi. Mimi nikaandika yangu, kwa C, kurasa chache za msimbo. Nilisema ni kwa sababu kompyuta zetu zilikuwa kuukuu na intaneti ilikuja ikitaka. Hiyo ilikuwa kweli kidogo. Kweli kubwa ni kwamba nilitaka watu wa Rumonge waseme, Neema ameandika seva.

Unajua ombi linavyofika, lakini vumilia nikukumbushe. Kivinjari kinatuma mstari mmoja wa kwanza, na wangu ulikuwa hivi:

GET /tafuta?jina=Neema&baba=Yakobo&mama=Rehema&mlima=Kizuka HTTP/1.1

Seva yangu iliukata mstari huo vipande vitatu, kila penye nafasi tupu: neno la kwanza, kisha njia, kisha toleo. Neno la kwanza lilisema mteja anataka nini, njia ilibeba majina, toleo sikulijali. Nilihesabu herufi za njia kwa vidole, nikitumia majina ya nyumbani kwetu, zikafika hamsini na tano. Nikatenga nafasi ya sitini na nne, moja ikiwa ya kufungia mwisho. Nikasema zinatosha. Kwa majaribio niliingiza watu niliokua nao makazini, Asha wa Juma, Daudi wa Musa, na kila mmoja akapatikana.

Kulikuwa pia na suala la jibu. Jina lisipokuwemo, ukurasa uandike nini? Kwa Kiswahili nilichokulia ningeandika, "Jina hili halimo kwenye orodha yetu." Nikaliona refu. Watu wa Rumonge walikuwa wakisema haiko kwa kila kitu: sukari haiko, basi haiko, shefu haiko. Nikaandika neno moja, Haiko, kwa herufi nyekundu, na nikajiona nimeshakuwa mwenyeji wa mji.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, na hapo ndipo ubaya wake. Kina Minani, kina Bukuru, kina Nduwayo walikuja, wakaandika, wakapatana. Mle chumbani watu walilia wakashikana mabega, na mimi nikasimama pembeni nikijifanya nafuta vumbi ili wanione. Waliopata Haiko waliondoka kimya, na mtu anayeondoka kimya hakupi kazi ya kufikiri. Nilijua wapo, sikujua ni wangapi, sikuwaandika popote.

Mmoja wao alikuwa Mama Konsolata, mjane wa makamo aliyerudi kutoka Tanzania kama sisi na kupewa pa kukaa Kizuka. Alizaliwa Kigwena, lakini shamba la baba yake lilikuwa na watu wengine, hilo nalo ni habari nyingine. Alikuwa akimtafuta mdogo wake wa kiume. Walipokimbia yeye alikuwa na miaka tisa na mdogo wake mitano. Usiku wa kuvuka, mtoto alipandishwa kwenye mtumbwi wa watu wengine, na mtumbwi ule ukaelekea Kongo. Mdogo wake aliitwa Ntakarutimana, maana yake hakuna kinachompita Mungu. Baba yao alikuwa Bigirindavyi na mama yao Ntirandekura. Aliporudi alikwenda Kigwena kuuliza akaambiwa hajaonekana, ndipo akaja kwetu.

Alikuja mara tatu, kila siku ya soko, na mimi ndiye niliyemwandikia majina kwa sababu hakuzoea vibonyezo. Mara zote tatu jibu lilikuwa lile jekundu. Mara ya tatu alibaki amesimama akiitazama ile kompyuta, kisha akaniuliza taratibu, "Haiko kabisa?"

"Haiko kabisa, mama," nikamwambia.

"Murakoze, mwana wanje," akasema, ahsante mwanangu, akafunga kitambaa chake vizuri akatoka. Nami nikaendelea na kazi zangu.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penye kisu. Mimi niliposema haiko nilimaanisha jina halimo kwenye orodha. Lakini kwa Kiswahili cha ufuo huu, ukimwuliza mtu habari za babu yake akakujibu "babu haiko tena," amekwambia amekufa. Mama Konsolata alikuwa ameuliza habari za mtu, siyo habari za orodha. Na aliyemjibu ilikuwa mashine, ambayo yeye na majirani zake waliiamini kuliko ofisi yoyote. Akaenda Kizuka akawaambia ndugu wa marehemu mumewe kwamba habari imethibitika. Wakakubaliana kufanya kuganduka, yaani sherehe ya kuondoa msiba, ambapo watu hunywa, husema maneno ya mwisho juu ya marehemu, na kuanzia hapo hatafutwi tena. Wakachagua Jumamosi. Ndizi zikachimbiwa shimoni zipate kuiva kwa ajili ya urwarwa, pombe yetu ya ndizi.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo mpaka ile Alhamisi niliyokutajia.

Kwenye baraza ya jirani yetu alikaa Mzee Ramazani, mpiga taipu. Alikuwa Mwislamu wa palepale Rumonge, baba yake na babu yake walizikwa mjini, na kwa miaka mingi aliwaandikia watu barua za ofisini, za shule na za mwaliko kwa mashine yake ya taipu ambayo herufi yake ya r ilikuwa imepinda. Nilimheshimu kwa salamu, lakini moyoni nilimwona ni mtu wa zamani aliyesahauliwa hapo na wakati. Kila mteja alimchosha kwa desturi yake moja: alimtajisha jina mara mbili, kisha yeye mwenyewe akalisoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi, na hakugusa mstari wa pili mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Watu wa haraka walikasirika. Mimi nilikuwa nacheka dirishani.

Asubuhi ile Mama Konsolata alikuja kwake kuandikisha barua za mwaliko wa msiba. Mzee akamwuliza jina la marehemu, la baba, la mama, mlima. Akaandika, akamsomea. Alipofika kwenye la mama akasimama. Akamwambia yule mama akae kwenye benchi, amngoje kidogo, asiondoke. Kisha akavua miwani, akavuka zile hatua sita mpaka mlangoni kwangu, akanisalimia kama kawaida, akaulizia afya ya wazazi wangu, na baada ya hapo akasema:

"Mutoto yangu, ile mashine yako imeua mutu."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Hakucheka.

"Ntakarutimana wa Kigwena. Unasema haiko. Mimi nilimuandikia barua mwezi ule ulipita, alitoka Kongo, anatafuta kipande cha kitambulisho. Iko muzima. Anakohoa kidogo, lakini iko muzima. Na dada yake iko pale inje, ananiandikisha barua ya kilio yake."

Ningekuwa na akili ningeogopa papo hapo. Badala yake nilijitetea. Nikamwambia pengine ni mtu mwingine mwenye jina kama lile. Akanijibu kwamba Ntakarutimana wako wengi, lakini mwana wa Bigirindavyi na Ntirandekura, wa Kigwena, hawezi kuwa wawili. Nikamwambia kompyuta haikosei kama mtu. Akasema basi niiulize mbele yake.

Nikaandika. Haiko.

Nikafungua sanduku, nikapekua daftari la mwisho. Alikuwemo, kwa mwandiko wa katibu wetu, jina, baba, mama, mlima, yote manne. Nikafungua faili kwenye kompyuta, ile niliyoichapa kwa vidole vyangu. Alikuwemo. Nikauliza tena kwenye ukurasa. Haiko. Na bado, mwanangu, sikuwa tayari kukubali. Nililaumu waya. Nikalaumu kibodi. Nikabadilisha kompyuta. Nikamwulizia Asha wa Juma, akapatikana mara moja, nikageuka kumwonyesha mzee kana kwamba hilo lilithibitisha kitu.

Mzee Ramazani alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mikono magotini. Aliniacha nihangaike mpaka nikanyamaza mwenyewe. Kisha akasema neno ambalo nimelifundisha tangu siku ile kwa kila aliyekaa darasani kwangu.

"Mimi nikiandika jina ya mutu, ninamurudishia. Anasema ndiyo, ao anasema hapana. Hii yako, ukiiambia jina, inakurudishia? Ama inajibu tu?"

Ilikuwa inajibu tu. Sikuwahi hata siku moja kuiuliza imesikia nini. Nilikuwa nimetazama majibu kwa miezi, na swali lenyewe, jinsi lilivyoingia mle ndani, sikuwahi kulitazama. Nikafungua msimbo, nikaongeza mstari mmoja wa kuchapisha vile vipande vitatu kama seva ilivyovipokea, nikaiwasha upya, nikaandika tena yale majina manne. Kwenye kioo cheusi kikatokea hiki:

neno: GET
njia: /tafuta?jina=Ntakarutimana&baba=Bigirindavyi&mama=Ntirandekura&
toleo: mlima=Kigwena

Hesabu mwenyewe ile njia, utakuta herufi sitini na tatu kamili. Seva ilikuwa imesoma kadiri nilivyoiruhusu, ikasimama palepale mlango wangu ulipofungwa, na kilichobaki ikakisukumia kwenye kipande kinachofuata, kile cha toleo nisichokijali. Jina lilifika, baba akafika, mama akafika. Mlima ukabaki nje. Kisha seva ikaenda kumtafuta Ntakarutimana ambaye hakuzaliwa popote, na kwa kuwa mtu kama huyo hayumo kwenye orodha, ikasema Haiko. Haikuzimika, haikulalamika, haikuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Ingezimika ningejua kitambo.

Nikamweleza mzee kwa maneno mepesi. Nikamwambia nilipima nafasi kwa majina mafupi. Akatikisa kichwa polepole, akaniuliza kwa nini mafupi, nami nikamwambia ndiyo niliyoyazoea, tuliyoitwa kule. Halafu akaniuliza kwa upole, "Na wewe, jina yako ya nyumbani ni nani?"

Nikamtajia. Ndayikengurukiye. Akanitajisha mara ya pili, akalirudia yeye mwenyewe, nami nikaitika ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kinywani mwa mtu asiye wa kwetu.

"Liulize," akasema.

Nilijua kwamba nimo. Baba aliniandikisha daftarini tulipofika, kwa majina yetu ya kweli, na mimi mwenyewe niliuchapa ule mstari. Sikuwahi kuutafuta, nani anajitafuta mwenyewe? Nikaandika: Ndayikengurukiye, wa Nzeyimana na Habonimana, wa Kizuka. Nikabonyeza.

Haiko, kwa herufi nyekundu nilizozichagua mimi.

Nililia, mwanangu, sioni sababu ya kukuficha. Nililia mbele ya mzee wa watu, na yeye akatazama mlangoni akanipa nafasi. Nilipomaliza akaniambia dada wa mtu bado anangoja kwenye benchi, nijipanguse.

Kulirekebisha hakukuchukua hata nusu saa. Nilitenga nafasi iliyo kubwa mara nyingi kuliko ile ya kwanza, hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba niliifundisha seva kutambua inapokatizwa. Ikifika mwisho wa nafasi bila kufika mwisho wa njia, isiende kutafuta chochote, imwambie mtu wazi, "Sijasikia yote." Ikikuta toleo ambalo halianzi na HTTP, ikatae, maana hapo kuna kitu kimemwagika. Waliotunga itifaki, yaani kanuni za kivinjari na seva kuzungumza, walishaliwaza jambo hili kabla sijajua kompyuta ni nini. Waliweka namba mia nne na nne kwa kitu kisichopatikana, na mia nne na kumi na nne kwa njia iliyo ndefu mno, kwa sababu hayo ni majibu mawili tofauti. Nilikuwa nimeyasoma yote mawili. La pili niliona halitanihusu.

Mama Konsolata nilimfuata kwenye benchi na nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba mdogo wake yumo, na kwamba nilimdanganya mara tatu bila kujua. Hakunikaripia. Aliniuliza tu kama safari hii nina hakika, na swali hilo liliniuma kuliko kofi. Mzee Ramazani alijua kijana wake wa barua anakamua mawese Kigwena, akatuelekeza ni kwenye kinu cha nani. Nasema kijana kwa sababu yeye ndivyo alivyosema. Alikuwa mtu mwenye mvi.

Tulimkuta mchana uleule, kwenye kinu cha mawese karibu na barabara. Nilidhani Mama Konsolata atakimbia amkumbatie. Alisimama hatua chache mbele yake akamwita jina lake, lote, akataja baba, akataja mama, akataja mlima. Yule mtu akaacha kusukuma, mikono imejaa mafuta mekundu mpaka viwikoni. "Ni mimi," akasema. Ndipo dada yake akamshika.

Urwarwa haukumwagwa. Jumamosi watu walikuja Kizuka kama walivyoalikwa, na Ntakarutimana akakaa katikati yao akanywa pombe ya msiba wake mwenyewe, akisema si mbaya lakini ndizi zilihitaji siku moja zaidi. Watu walicheka mpaka wakakohoa pamoja naye. Mzee Ramazani alikunywa Fanta. Baba yangu alikuwepo, na siku ile alinitambulisha kwa watu kwa jina langu refu, kwa mara ya kwanza hadharani.

Ningependa kuishia hapo, kwenye kicheko, lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekukatia habari. Wako wengine. Jumapili ile ilitangazwa kanisani, na Mzee Ramazani aliomba itangazwe msikitini Ijumaa iliyofuata, kwamba kila aliyeambiwa Haiko arudi aulize upya. Wengi walirudi, na wengine wao wakapata watu wao. Lakini kulikuwa na mwanamume mmoja mrefu mwenye mwavuli wa kijani, alikuja mara moja tu, akasoma lile jibu jekundu, akasema alikuwa amejiambia ataliuliza jambo hili kwa mara ya mwisho kabla hajarudi ng'ambo. Hakusikia tangazo. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka alimtafuta nani, ili nimtafutie hata kwa kuchelewa. Mwavuli naukumbuka. Jina silikumbuki, na seva yangu haikuliandika popote.

Basi nasaha yangu kwako ni hii, na nakuomba usiichukulie kuwa ni ya kompyuta tu, ingawa anzia huko.

Unapopokea ombi, pokea mpaka mwisho wake. Linaweza kuja kwa vipande, linaweza kuwa refu kuliko ulivyotarajia. Ni kazi yako kungoja mstari ule mtupu unaosema nimemaliza. Usilijaribu kwa majina uliyoyazoea peke yake. Lijaribu kwa jina la bibi yako, lijaribu kwa jina refu kuliko yote mlimani kwenu, lijaribu kwa la kwako mwenyewe. Jibu likikutatiza, usikae kulitazama jibu. Chapisha kile seva ilichosikia, ukisome kwa sauti, kama yule mzee na taipu yake. Na weka kumbukumbu ya kila uliyemkatalia, kwa maana aliyekubaliwa atarudi kukushukuru mwenyewe, ila uliyemkatalia kwa kosa hutamwona tena.

Na zaidi ya yote, usiseme haiko wakati ukweli ni kwamba hujasikia. Ukisema "sijasikia yote, rudia," unaonekana mjinga kwa dakika moja. Mimi niliona aibu ya dakika hiyo, na familia nzima ikachimbia ndizi. Siku moja utakuwa na cheo, utakaa nyuma ya meza, na watu watakuja mbele yako na maombi marefu, yamejaa majina usiyoweza kuyatamka. Kumbuka kwamba kilicho cha maana sana huja mwishoni, baada ya mtu kuzoea sura yako. Kwa Mama Konsolata ulikuwa mlima.

Sasa fungua kompyuta yako, nenda kwenye ule mstari, urekebishe, unionyeshe Jumapili ukija kula. Makofi utayapata tena.

Mungu akupe masikio yenye nafasi, na subira ya kumngoja anayesema polepole. Akulinde na jibu la haraka. Na siku yoyote utakayopotea, mwanangu, atokee wa kukuita kwa jina lako lote, na la baba yako, na langu, na mlima wako usikatwe.